Mtu ni Afya: Funzo la 1973 kwa Magonjwa ya Leo

Mwaka 1973 watu wazima wapatao milioni 2 nchini Tanzania walijiunga na vikundi vya kusikiliza redio katika kampeni iliyoitwa Mtu ni Afya. Walisikiliza somo, wakasoma kijitabu, wakajadiliana, kisha wakatoka kwenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Maadui walitajwa kwa majina: malaria, kichocho, safura, kuhara damu, kifua kikuu.

Kampeni ile ilikuwa na kasoro zake, lakini msingi wake ulikuwa thabiti. Serikali haikumwambia mwanakijiji kwamba kuhara ni uzembe wake binafsi, kisha ikanyamaza. Iliandaa vipindi, vitabu, viongozi wa vikundi na usimamizi. Ugonjwa ulikuwa jambo la taifa.

Maadui wameongezeka. Utafiti uliochapishwa mwaka 1989, uliofanywa katika vijiji sita, ulikuta kisukari kwa watu wasiofikia 1 kati ya 100. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta takriban 9 kati ya 100 miongoni mwa watu wazima, na shinikizo la juu la damu kwa mtu 1 kati ya 4. Tafiti hizi mbili hazilingani kwa kila hali, kwani ya kwanza ilihusu vijijini pekee. Hata hivyo, mwelekeo hauna ubishi.

Jibu letu limekuwa nini? Tunawahimiza wananchi wabadili mtindo wa maisha. Wapo wanaosema kwamba hakuna anayelazimishwa kuvuta sigara wala kunywa soda. Hoja hiyo ina uzito, lakini inasahau jambo moja: mbu hana bajeti ya matangazo. Mwanakijiji wa 1973 aliweza kuchimba choo kwa jembe lake mwenyewe. Mjukuu wake hawezi kujipangia kodi ya sigara, wala kupunguza chumvi kiwandani. Hayo yamo mikononi mwa dola peke yake.

Dola yenyewe imesitasita. Sheria ya bidhaa za tumbaku ilitungwa mwaka 2003; mkataba wa kimataifa wa kudhibiti tumbaku tuliuridhia mwaka 2007. Wakati huohuo tumbaku imeendelea kuwa zao la biashara linaloingiza fedha za kigeni. Mkono mmoja unaonya, mwingine unapokea.

Kinga ya leo, basi, ni sheria na bajeti: kodi ya kutosha kwenye tumbaku, pombe na vinywaji vyenye sukari nyingi, maelezo yanayosomeka kwenye vifungashio, kipimo cha shinikizo la damu na dawa zake katika kila zahanati, mwezi baada ya mwezi.

Wazazi wetu walitimiza sehemu yao kwa jembe. Sehemu iliyobaki inaandikwa kwa kalamu, na kalamu hiyo iko Dodoma.