Majina na Elimu ya Kuganda kwa Damu

Kila istilahi ni ushahidi wa yale aliyoyajua mbunifu wake siku alipoibuni. Historia ya elimu ya kuganda kwa damu yalithibitisha jambo hilo, nayo ina funzo kwetu tunaoshughulika na istilahi za Kiswahili.

Mwaka 1882, Giulio Bizzozero wa Torino, Italia, alieleza chembe ndogo za damu zinatanazo penye jeraha. Aliziita kwa Kiitalia visahani, kwa kufuata umbo aliloliona. Hakudai zaidi ya hapo. Nasi hadi leo twasema chembe sahani.

Mwaka 1935, Ulf von Euler wa Uswidi aliipa dutu aliyoikuta katika shahawa jina la prostaglandini, akidhani yatoka katika tezi ya prostati. Baadaye ilidhihirika kwamba dutu za jamii hiyo hutengenezwa karibu katika tishu zote za mwili. Dhana ilikufa, jina likabaki.

Mwaka 1971, John Vane wa London alionyesha kuwa aspirini huzuia utengenezaji wa prostaglandini. Mwaka 1975, kundi la Bengt Samuelsson huko Stockholm lilieleza thromboksani, ambayo hutokana na asidi ya mafuta iitwayo arakidoniki na huzifanya chembe sahani zishikamane. Hatua ya kwanza hufanywa na kimeng'enya siklooksijenasi. Aspirini hukilemaza kimeng'enya hicho kabisa. Na kwa kuwa chembe sahani haina kiini, haiwezi kukiunda upya katika siku zake 7 hadi 10 za uhai.

Hapa istilahi zetu zatiwa mtihanini. Kumeng'enya ni kuvunjavunja, ilhali siklooksijenasi huunganisha oksijeni na asidi. Neno kimeng'enya limekwisha kuzoeleka, na kulifuta ni kuleta vurugu. Lakini hapana budi fasili yake katika kamusi iseme kuwa huharakisha mabadiliko ya kikemia, ya kuvunja na ya kujenga pia.

Wako pia wanaoziita chembe sahani "vigandisha damu". Jina hilo ladai mno, kwani damu hugandishwa na protini vilevile. Mgonjwa aambiwaye kwamba aspirini huzuia vigandisha damu aweza kudhani damu yake haitaganda kamwe, akaiacha dawa aliyoandikiwa. Heri jina litajalo kilichoonekana kuliko jina lililobeba dhana.