Profesa Amelia Kivaisi: utafiti wa majitaka na nishati, na faida yake kwa Garsen

Profesa Amelia Kivaisi ni mwanasayansi aliyefanya kazi katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kazi yake imehusu vijidudu visivyoonekana kwa macho: jinsi vinavyosafisha majitaka na jinsi vinavyogeuza taka kuwa gesi ya kupikia na kuzalisha umeme. Utafiti wake mwingi umefanyika Tanzania, lakini unagusa suala ambalo wakaazi wa Garsen wamelipigania kwa miaka mingi: nishati mpya itoke wapi bila ya mtu kupoteza ardhi yake?

Nishati iliyotaka ardhi

Mwaka 2008, shirika la mazingira la NEMA liliidhinisha mradi wa TARDA na kampuni ya Mumias wa kulima miwa katika hekta zipatazo 20,000 za Delta ya Tana, kwa ajili ya sukari na ethanoli. Wakaazi na watetezi wa mazingira walikwenda kortini kuupinga. Mwaka 2011, kampuni ya Bedford Biofuels kutoka Canada ilipewa kibali cha kupanda mbono, mmea ambao mbegu zake hukamuliwa mafuta, katika hekta 10,000. Miradi yote miwili haikufika mbali.

Ugomvi haukuwa juu ya mafuta yenyewe. Nyasi za delta ndizo zinazowaokoa ng'ombe wa Waorma na Wawardei wakati wa kiangazi, na kingo za mto ndizo mashamba ya mpunga na ndizi ya Wapokomo. Mwaka 2012 delta iliingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu duniani.

Nishati itokayo kwenye taka

Kivaisi na wenzake walianzia upande mwingine, kwenye mashamba ya mkonge. Katika jani la mkonge, nyuzi zinazouzwa ni asilimia chache tu. Sehemu kubwa inayobaki hutupwa, ikaoza na kuchafua mito.

Mwaka 2004, yeye na watafiti wenzake, akiwemo Anthony Mshandete wa chuo hicho hicho na Bo Mattiasson wa Chuo Kikuu cha Lund, Sweden, walichapisha matokeo ya kuchanganya masalia ya mkonge na taka za samaki ndani ya vyombo visivyoingiza hewa. Mchanganyiko wa theluthi moja ya samaki na theluthi mbili za mkonge ulitoa gesi ya methani zaidi kwa asilimia 59 hadi 94 kuliko kila taka ikiozeshwa peke yake. Sababu yake ni rahisi. Samaki wana naitrojeni nyingi, ambayo ikizidi huwadhuru bakteria watengenezao gesi; mkonge unayo kidogo mno. Vikikutana, kimoja hupunguza kasoro ya kingine.

Mwaka 2006 walionyesha kwamba kukata masalia ya nyuzi hadi milimita 2 kabla ya kuyaozesha huongeza methani kwa asilimia 23. Huko Hale, mkoani Tanga, kampuni ya Katani ilijenga mtambo wa kuzalisha umeme kutokana na masalia ya mkonge.

Majitaka kupitia kwenye matete

Makala yake inayojulikana zaidi ni ya mwaka 2001, katika jarida la Ecological Engineering, kuhusu vinamasi vya kutengenezwa. Hili ni bwawa lenye sakafu isiyovuja, lililojazwa changarawe na kupandwa matete au mafunjo. Majitaka hupita polepole kati ya mizizi, uchafu hutuama, na bakteria hula kilichobaki. Hakuhitajiki mashine kubwa. Kivaisi alieleza kwamba joto la nchi zetu huwafanya bakteria hao wafanye kazi mwaka mzima, na kwamba mbinu hii ilikuwa bado haijaenea katika nchi zinazoihitaji zaidi. Hapa Pwani, kinamasi cha aina hiyo kilijengwa katika gereza la Shimo la Tewa, Mombasa, kwa majitaka yaliyokuwa yakielekea baharini.

Yanayofaa Garsen

Garsen haina mkonge, na hesabu za mkonge haziwezi kuhamishwa hapa kama zilivyo. Lakini samadi ipo kwenye maboma, maembe huoza wakati wa msimu, na matumbo ya samaki hutupwa Kipini. Kila mchanganyiko lazima upimwe kwanza, kama walivyopima wao.

Mafuriko nayo yazingatiwe. Mto Tana ukifurika, vyoo hujaa na uchafu kuingia visimani, na kipindupindu hufuata. Kinamasi cha kutengenezwa hakitafaa kikijengwa mahali mto unapopita. Kinahitaji ardhi ya juu na kingo imara, kwa mfano karibu na shule, hospitali au soko, na mtu wa kukata matete na kuzibua mabomba.

Mradi mwingine wa nishati ukiletwa barazani, swali la kwanza la wakaazi liwe: malighafi yake itatoka malishoni au jaani? Kazi ya Kivaisi inaonyesha kwamba jibu la pili linawezekana, na kwamba linaweza kupimwa kabla ya mtu yeyote kuombwa atie sahihi.