Sangara na Furu: Historia ya Mgeni Ziwani

Wahenga walinena, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Katika Ziwa Victoria mgeni alikuja, lakini wenyeji wengi hawakupona.

Kuanzia miaka ya 1950, chini ya utawala wa Waingereza, sangara alipandikizwa ziwani humo ili awale furu, samaki wadogo walioonekana hawana bei, na kuwageuza kuwa minofu. Kufikia miaka ya 1980 alikuwa ameenea kote, na mamia ya aina za furu yalikuwa yakitoweka.

Mabadiliko hayo yaliingia hata jikoni. Furu alikaushwa juani. Sangara, kwa wingi wa mafuta yake, hubanikwa motoni, na moto hudai kuni.

Hata hivyo, sangara huyo huyo alileta viwanda vya minofu Mwanza, Kisumu na Jinja, pamoja na fedha za kigeni. Hapo ndipo penye ugumu: kumwondoa hakuwezekani, na wanaoishi kwa kumvua hawataki aondoke. Lililobaki ni kuwalinda furu waliosalia penye miamba, matete na maziwa madogo ya kandokando, kama Kanyaboli nchini Kenya.

Yafaa tukumbuke kwamba waliodharau furu hawakuwa wao waliokuwa wakimla.