Kain Colter na Kura Ambazo Hazikuhesabiwa

Tarehe 25 Aprili 2014, wachezaji wa mpira wa Kimarekani wa chuo kikuu cha Northwestern, pale Evanston karibu na Chicago, walipiga kura ya siri. Swali lilikuwa moja: tuunde chama cha wafanyakazi ama tusiunde? Kura zikafungiwa mahali zingoje rufaa iamuliwe. Hazikuhesabiwa mwaka huo, hazikuhesabiwa mwaka uliofuata, na hazitahesabiwa.

Mimi hupenda stori za watu walioshindwa kwa karatasi, halafu ukiangalia vizuri unakuta karibu kila walichoomba kilikuja baadaye kikapewa wengine. Hii ni moja, na mwenyewe anaitwa Kain Colter.

Kwa wasee ambao mchezo huu wanauona tu kwa muvi, majamaa wa helmeti na mabega makubwa: kwotabeki ndiye dereva wa gari. Kila shambulizi linaanzia mikononi mwake. Ndiye anaamua atupe mpira mbali, ampe mwenzake, ama akimbie nao mwenyewe huku watu wa kilo 130 wanamtafuta. Na msifikirie mpira wa chuo huko ni kama zile mechi zetu za kuangaliwa na marafiki wa wachezaji. Kuna viwanja vya vyuo vinavyobeba zaidi ya watu 100,000. Kasarani haigusi hapo. Pesa ya TV inamwagika, kocha analipwa mamilioni ya dola. Anayetupa mpira alikuwa analipiwa karo, malazi na chakula, basi.

Colter alitoka Colorado, na uwanjani alikuwa mzuri kwa njia ya ajabu kidogo. Leo anacheza kwotabeki, kesho wanamweka awe wa kupokea mpira, wakati mwingine yote mawili ndani ya mechi moja. Novemba 2011, kwotabeki wa kwanza wa timu alipoumia, Colter akashika usukani ugenini Nebraska na wakatoka na ushindi wa 28-25. Msimu wa 2012 walishinda mechi 10, wakafunga kazi tarehe 1 Januari 2013 kwa kuwachapa Mississippi State 34-20 katika Gator Bowl. Mara ya mwisho Northwestern kushinda mechi kama hiyo ya kufunga msimu ilikuwa Januari 1949. Miaka 64, bana.

Lakini kilichonigusa ni kemia.

Colter alitaka kuwa daktari. Mwaka wake wa pili alitaka kuchukua darasa la kemia, na bila kemia udaktari sahau. Darasa likagongana na mazoezi ya asubuhi. Makocha na washauri wakamwambia aliache. Baada ya hapo akawa nyuma ya wenzake waliolenga udaktari, mwishowe akahamia saikolojia. Mimi niliacha chuo, kwa hivyo kuhusu masomo sina mimbari ya kuhubiria mtu. Ila nilitoka kwa miguu yangu. Huyu alikuwa ndani, amelipiwa kila kitu, na somo alilolitaka likamponyoka kwa sababu ya ile kazi iliyokuwa inamlipia masomo.

Nimeandika "kazi" makusudi. Vita vyote vilikuwa juu ya hilo neno.

Rudi nyuma kidogo, hukohuko Colorado. Mwaka 1953 mahakama kuu ya jimbo ilikubali kwamba mchezaji mmoja wa Chuo Kikuu cha Denver aliyeumia mazoezini alikuwa mwajiriwa, alipwe fidia. NCAA, shirika linalosimamia michezo ya vyuo, likaingiwa na baridi. Mwaka 1955 mchezaji wa Fort Lewis, Ray Dennison, aliumia kichwa kwenye mechi akafa. Mjane wake akaenda kudai fidia kama mke wa mtu aliyefia kazini. Mwaka 1957 mahakama ileile ikamnyima. Katika miaka hiyo NCAA ilikuwa inasukuma jina jipya kila mahali: mwanafunzi-mwanariadha. Walter Byers, aliyeliongoza shirika hilo kwa miaka mingi, alikuja kukiri kwenye kitabu chake cha 1995 kwamba jina hilo lilibuniwa hasa kwa kuogopa kesi za fidia. Yaani mtu alikaa ofisini akatafuta neno la kuzuia mjane asilipwe.

Jina la kazi yako si kitu kidogo. Mimi mwenyewe kuna kampuni iliwahi kuniomba video tatu, nikauliza malipo, nikaambiwa mimi ni "balozi" wao. Balozi hana invoisi.

Sasa aingie Ramogi Huma. Ndiyo, Ramogi, jina ambalo ukilitaja Siaya halihitaji maelezo. Huma alichezea UCLA miaka ya 1990, na mwaka 1995 mwenzake Donnie Edwards alisimamishwa na NCAA kwa sababu ya chakula cha dukani alichoachiwa mlangoni. Chakula! Wakati huohuo jezi za timu zilikuwa zinauzwa madukani. Huma akaanza kuwapanga wachezaji na hakuacha. Colter alipomtafuta mwaka 2013, mzee wa kazi alikuwa tayari.

Septemba 2013 Colter akacheza akiwa ameandika APU mkononi, herufi za kampeni ya wachezaji wote kuungana. Tarehe 28 Januari 2014 ombi rasmi likafikishwa ofisi ya Chicago ya bodi ya shirikisho inayosimamia mahusiano ya kazi, NLRB. Chama cha mafundi wa chuma, United Steelworkers, kikawashika mkono.

Wengi walidhani anataka mshahara. Soma madai yenyewe: matibabu yalipwe hata baada ya mtu kumaliza chuo, ulinzi dhidi ya mtikisiko wa ubongo, ufadhili usikatwe kwa sababu umeumia. Ni vitu ambavyo mjenzi wa mjengo hapa Pipeline angeviita vya kawaida, angalau kwenye sheria.

Kwenye kikao cha bodi ndipo hesabu ikatoka hadharani. Kambi ya Agosti: saa 50 hadi 60 kwa wiki. Msimu ukianza: saa 40 hadi 50, na darasa juu yake. Kati ya 2003 na 2012 timu hiyo iliingizia chuo kama dola milioni 235. Kocha ndiye anaamua mtu ataishi wapi, na mitandaoni anaangaliwa anachoandika. Tarehe 26 Machi 2014 mkurugenzi wa eneo, Peter Sung Ohr, akaamua: hawa wanatoa huduma, wanalipwa kwa ufadhili, wanaongozwa na bosi. Ni wafanyakazi.

Hapo nchi nzima ikashtuka. Kocha Pat Fitzgerald akawaomba wachezaji wapige kura ya hapana. Trevor Siemian, kwotabeki aliyekuwa akigawana nafasi na Colter, naye akasema hadharani atapiga hapana. Simlaumu sana. Una miaka 22, kocha ndiye anaamua nani anaanza Jumamosi, na huyo kocha anakuambia kura yako ni siri lakini yeye angependa hivi. Colter mwenyewe alikuwa ameshamaliza muda wake wa kucheza, kwa hivyo hata kura hakuwa nayo. Alikuwa anapigania kitu ambacho hangekila.

Uamuzi wa juu ukaja tarehe 17 Agosti 2015. Wanabodi wote watano walikubaliana kutoshughulikia suala hilo. Hawakusema ni wafanyakazi, hawakusema si wafanyakazi. Hoja yao ilikuwa kwamba vyuo vingi vya ngazi hiyo ni vya serikali za majimbo, ambavyo bodi haina mamlaka juu yake, na Northwestern ndicho kilikuwa chuo cha binafsi pekee katika Big Ten wakati huo. Ukikipa chama peke yake utavuruga ligi. Mimi naona huo ni ujanja wa mtu anayejua jibu na hataki kulitamka.

Sasa tazama kalenda. Aprili 2014, wiki chache baada ya uamuzi wa Ohr, NCAA ikaruhusu vyuo kuwalisha wachezaji bila kipimo. Januari 2015 ligi tano kubwa zikakubali kuongeza pesa za matumizi na kuacha kukata ufadhili kwa sababu za kimichezo. Juni 2021 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaichapa NCAA 9-0 kwenye kesi ya Alston, na kuanzia 1 Julai wachezaji wakaruhusiwa kuuza jina na sura zao. Agosti 2024 ikaanza bima ya majeraha inayomfuata mchezaji hadi miaka miwili baada ya kumaliza. Tangu Julai 2025 chuo kinaweza kuwalipa wanamichezo wake moja kwa moja, hadi kama dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza. Colter hakuna hata senti aliyopata hapo. Drafti ya 2014 haikumtaja, Minnesota Vikings wakamsajili, akabaki watu wa kikosi cha mazoezi. Siemian alichaguliwa raundi ya saba mwaka 2015, na mwaka 2016 alikuwa kwotabeki wa kwanza wa Denver Broncos.

Na lile neno bado ni moto. Machi 2024 wachezaji wa kikapu wa Dartmouth walipiga kura 13 kwa 2 kuunda chama. Siku ya mwisho ya mwaka huohuo ombi likaondolewa.

Msiseme hii ni stori ya Wamarekani. Henry Rono alivunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81 mwaka 1978 akiwa mwanafunzi wa Washington State. Edward Cheserek aliipa Oregon mataji 17 ya NCAA hadi 2017, yote chini ya sheria zilezile za kutolipwa. Na hata leo mlango umefunguliwa nusu kwetu: viza ya mwanafunzi inabana sana kazi ya kulipwa, kwa hivyo Mkenya anaweza kukimbia kando ya mwenzake mwenye dili la viatu na yeye asiguse dili kama hilo bila kwanza kuuliza wakili. Kama una binamu Iten anayeandikiwa na kocha wa huko, mwambie aulize kabla ya kutia sahihi: ufadhili ni wa mwaka mmoja ama minne? Nikivunjika, nani analipa hospitali, na kwa muda gani? Na darasa ninalotaka likigongana na mazoezi, ni lipi linasogezwa?