Jinsi chipu ya kupima chaji ya betri inavyorekebishwa

Chipu inayokadiria chaji iliyosalia katika betri hujumlisha mkondo wa umeme unaopita kwenye rezista ndogo. Rezista ikiwa ya miliomu 10, mkondo wa miliampea 1 huzalisha maikrovolti 10 pekee. Kosa la kiasi hicho likiachwa, chipu itahesabu miliampea 1 hata pasipo mkondo wowote. Baada ya siku 30 hesabu itakuwa imepotoka kwa miliampea-saa 720, na kifaa chaweza kuzimika ghafla kikiwa bado kinaonyesha chaji.

Kwa hivyo sifuri hurekebishwa kwanza: mkondo hukatwa, na kiasi ambacho chipu bado inasoma huhifadhiwa ili kiondolewe katika kila kipimo. Kisha hupitishwa mkondo unaojulikana, uwiano usahihishwe. Kazi hii hufanywa rezista ikiwa imekwisha kuungwa, kwani maungio nayo huongeza ukinzani.