Muungwana ni Kitendo: Haki na Uungwana katika Mpira wa Kikapu wa Kulipwa

Katika Kiswahili, mtu atakaye kusifu mchezo uliochezwa vyema, pasipo hila wala ugomvi, huweza kutumia mojawapo ya maneno mawili. Huweza kusema kwamba ulikuwa mchezo wa haki, au kwamba ulikuwa mchezo wa kiungwana. Magazeti na watangazaji huyatumia maneno haya kana kwamba maana yake ni moja, lakini asili zake ni mbalimbali na kazi zake pia ni mbalimbali. Haki hudaiwa, uungwana haudaiwi. Mchezaji aliyepigwa kiwiko aweza kumdai mwamuzi haki yake, na mwamuzi akimnyima huwa amemdhulumu. Lakini hapana awezaye kumdai mpinzani wake uungwana, kwa sababu uungwana hutolewa na mwenye nao, kwa hiari yake. Historia ya mpira wa kikapu wa kulipwa yaonyesha tofauti hii waziwazi, na watu wa Afrika Mashariki wamekuwa na sehemu yao katika historia hiyo.

Yafaa kwanza kuliangalia neno lenyewe. Muungwana lilikuwa neno la daraja kabla ya kuwa neno la tabia. Katika miji ya pwani muungwana alikuwa mtu huru, mwenye nasaba ijulikanayo, na kinyume chake alikuwa mtumwa. Mtumwa aliweza kuwa mkweli, mpole na mwaminifu kuliko bwana wake, na bado asihesabiwe kuwa muungwana. Katika karne ya 19 neno hili lilifuata misafara kwenda bara. Huko mbali, wapagazi na askari waliotoka pwani, na miongoni mwao watumwa na watu walioachwa huru, walijiita na wakaitwa waungwana; na Kiswahili kilichoenea mashariki ya Kongo kikapata jina la Kingwana. Utumwa ulipoondolewa katika sheria, Unguja na Pemba mwaka 1897, pwani ya Kenya mwaka 1907 na Tanganyika mwaka 1922, daraja ile ilipoteza nguzo yake. Iliyobaki ni ile maana ambayo methali imeihifadhi kwa maneno matatu: muungwana ni kitendo.

Waingereza nao walikuwa na jambo lifananalo na hili. Chama cha riadha kilichoundwa London mwaka 1866 kiliweka kanuni iliyowazuia mafundi na vibarua kushindana pamoja na mabwana, hata kama hawakupata kulipwa kwa mchezo wowote. Ilidhaniwa kwamba mtu aishiye kwa kazi ya mikono hawezi kucheza kwa heshima, na kwamba fedha na uungwana havikai nyumba moja. Dhana hii ilidumu sana katika michezo ya kimataifa. Mpira wa kikapu uliingia katika Michezo ya Olimpiki mwaka 1936 mjini Berlin, lakini wachezaji wa ligi ya kulipwa ya Marekani hawakukubaliwa mpaka shirikisho la dunia lilipoondoa kizuizi mwaka 1989, nao wakaonekana Barcelona mwaka 1992. Kiswahili kimemwita mchezaji asiyelipwa kuwa ni wa ridhaa, yaani achezaye kwa kuridhia kwake. Jina ni zuri, ila lisimfanye mtu adhani kwamba yule alipwaye hucheza pasipo kuridhia.

Desturi ya pwani haikuona aibu katika malipo. Mcheza kwao hutunzwa, husema methali, na kutunzwa huko kulikuwa kwa fedha na nguo zilizotolewa mbele ya watu. Katika ngoma za beni, makundi ya Marini na Arinoti yalishindana kwa sare, kwa ala na kwa karamu, na askari na makarani wakayaeneza bara wakati wa vita vya 1914 hadi 1918. Hapana aliyesema kwamba mchezaji aliyetunzwa amekwisha kuvunja heshima yake. Lililomvunjia mtu heshima ni kukataa matokeo, maana asiyekubali kushindwa si mshindani.

Maneno haya ya pwani yamekwenda mbali na bahari. Katika Nyamisangura, kata ya mji wa Tarime mkoani Mara, karibu na mpaka wa Kenya, Kiswahili hukutana kila siku na Kikuria. Wakuria wanalo baraza lao liitwalo iritongo, ambamo mashauri ya watu husikilizwa hadharani. Dhana ya haki itolewayo mbele ya macho ya wote haikuwangoja wageni. Neno muungwana, kwa upande mwingine, liliwafikia watu wa bara wengi kwa njia ya shule, soko na serikali, pasipo ule mzigo wa nasaba uliolielemea katika miji ya pwani. Huenda ndiyo sababu mwanafunzi wa bara huweza kusema mchezo wa kiungwana bila kufikiri hata kidogo juu ya mtumwa na bwana. Kadhalika neno mwamuzi hueleweka kwa urahisi, kwa kuwa kuamua ni pia kuwatenga watu wanaopigana. Refa, faulo na rafu ni maneno yaliyoletwa na mpira. Kuamua kulikuwako kabla ya mpira.

Mchezo wenyewe ulibuniwa na James Naismith huko Springfield, Massachusetts, mwezi wa Desemba mwaka 1891. Alitakiwa kuwapatia vijana mchezo wa ndani kwa majira ya baridi, usio na fujo. Alifikiri kwamba ukali wa mpira wa miguu wa Kimarekani hutokana na mtu kukimbia na mpira mkononi, maana hapo hulazimika kuangushwa. Basi akakataza kukimbia nao. Tena akaliweka goli juu ya vichwa, futi 10 kutoka sakafuni, mdomo wake ukielekea juu, ili mpira urushwe kwa upole na nguvu za kifua zisifae kitu. Katika kanuni zake 13, ya tano ilikataza kusukuma, kushika, kupiga na kutega. Mchezo huu, basi, haukuwekewa haki baadaye kama kiraka. Haki ilikuwa ndani ya umbo la goli lenyewe.

Lakini miaka michache tu ikapita, na yasemekana kwamba kufika mwaka 1896 wachezaji wa Trenton, New Jersey, walikwisha kulipwa. Malipo yalileta swali ambalo Naismith hakulitazamia: je, timu ikishinda pasipo kuvunja kanuni hata moja, imeshinda kwa haki? Swali hili lilifika kileleni tarehe 22 Novemba 1950. Timu ya Fort Wayne Pistons ilikwenda kucheza na Minneapolis Lakers, waliokuwa na George Mikan, mtu mrefu aliyeogopwa na wote. Wageni wakaona dawa ni moja: kuushika mpira na kutoupeleka mbele. Watazamaji walizomea. Katika robo ya mwisho timu zote mbili zilipata pointi 4 tu kwa jumla, na mchezo ukaisha kwa Fort Wayne kushinda 19 kwa 18, matokeo madogo kuliko yote katika historia ya ligi hiyo. Mwamuzi hakuwa na la kuamua, maana hapakuwa na kosa. Haki ilitimizwa, na mchezo ukafa.

Dawa ilipatikana mwaka 1954 kwa hesabu nyepesi. Danny Biasone, mwenye timu ya Syracuse, aliona kwamba katika michezo iliyopendeza kila timu hurusha mpira kikapuni mara 60 hivi, yaani mara 120 kwa zote mbili. Mchezo una dakika 48, nazo ni sekunde 2,880. Gawanya kwa 120, hupatikana 24. Tangu hapo timu yenye mpira ilipaswa kurusha katika sekunde 24. Wastani wa pointi za timu moja ukapanda kutoka karibu 79 hadi karibu 93 katika msimu mmoja. Hapa ndipo njia ya mchezo wa kulipwa ilipojulikana: pale ambapo uungwana hautoshi, huwekwa kanuni, na jambo lililokuwa hiari hugeuka kuwa wajibu.

Njia hiyo hiyo ilitumiwa katika kugawanya wachezaji wapya. Ili timu tajiri zisichukue kila mwenye kipawa, iliamriwa kwamba timu dhaifu zitangulie kuchagua. Hii ni haki kwa timu. Lakini haki hii ilizaa hila yake, kwa kuwa zilishukiwa timu zinazojilegeza makusudi ili zichague kwanza. Na kuanzia mwaka 1985 nafasi za mwanzo zikapigiwa kura ya bahati. Tena haki hii ya timu haikumwuliza mchezaji apenda kwenda wapi.

Mtanzania mmoja aliyapata yote mawili, mema na machungu ya utaratibu huu. Hasheem Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam, mwenye kimo cha meta 2.21, alianza mpira wa kikapu akiwa kijana mkubwa, akasoma na kucheza katika Chuo Kikuu cha Connecticut, na huko alitambuliwa kuwa miongoni mwa walinzi bora wa vyuo vya Marekani. Mwezi wa Juni mwaka 2009 timu ya Memphis Grizzlies, iliyokuwa imeshinda michezo 24 tu kati ya 82, ilimchagua wa pili katika nchi nzima. Akawa Mtanzania wa kwanza katika ligi ile. Mwezi wa Februari mwaka 2010 alipelekwa kwa muda katika ligi ya chini, na hapana aliyechaguliwa juu kama yeye aliyewahi kupelekwa huko kabla yake. Baadaye alichezea Houston, Portland na Oklahoma City, na mwaka 2014 akatoka katika ligi ile, akaendelea kutafuta mchezo katika nchi nyingine, zikiwamo Japani na Taiwan.

Katika haya yote hapana kanuni iliyovunjwa. Timu ilichagua kwa zamu yake, ikalipa mshahara wake, ikamhamisha kwa mkataba. Lakini waandikaji wa michezo, katika kuhesabu chaguzi zilizokosewa, wamelirudia jina la Thabeet mara nyingi kuliko majina ya waliomchagua. Kosa la mchaguaji likawa jina la mchaguliwa. Haki ya mkataba haina la kusema juu ya dhuluma ya namna hii. Uungwana ndio ungesema, na uungwana haumo katika mkataba.

Wakuu wa ligi hawakukosa kuliona pengo hilo. Kuanzia mwaka 1996 walitoa tuzo kwa mchezaji aliye mfano wa uungwana uwanjani. Wa kwanza kuipata alikuwa Joe Dumars, ambaye tuzo hiyo imepewa jina lake. Jambo la maana ni kwamba mshindi huchaguliwa kwa kura za wachezaji wenyewe. Mwamuzi aweza kuhesabu makosa ya mtu, lakini wema wake hujulikana kwa wale aliogongana nao. Mwaka 2007 kura hizo zilimwangukia Luol Deng wa Chicago Bulls, aliyezaliwa Wau katika nchi ambayo leo ni Sudan Kusini, akakimbia vita pamoja na jamaa zake hadi Misri, kisha akakulia London. Ni katika mwaka huo huo ambapo mwamuzi mmoja wa ligi, Tim Donaghy, alikiri mahakamani makosa yaliyohusu kamari katika michezo aliyoichezesha. Hivyo mwaka mmoja ulionyesha haki ikiuzwa na mtu aliyeajiriwa kuilinda, na uungwana ukitolewa na mtu ambaye hakuajiriwa kwa ajili hiyo.

Mwaka 2014 ilifahamika kwamba kiongozi mmoja wa timu ya Atlanta Hawks alikuwa amesoma mbele ya wenzake maneno yaliyoufanya Uafrika wa Deng kuwa kasoro ya tabia. Alifananishwa na mwenye duka lipendezalo mbele, ambaye kwa nyuma huuza bidhaa za bandia. Mtu aliyeshuhudiwa na wachezaji wenzake kuwa muungwana kwa vitendo alikuwa akihukumiwa kwa nasaba, kama ilivyokuwa katika miji ya kale. Deng alijibu kwa barua ya utulivu, akasema kwamba anajivunia Uafrika wake, na akasikitika kwamba asili hiyo imetajwa kwa nia mbaya. Hakumtukana mtu.

Baadaye Deng alishika uongozi wa shirikisho la mpira wa kikapu la Sudan Kusini, akatumia fedha zake kuitegemeza timu ya taifa ambayo nchi yake haikuwa na ukumbi wa ndani wa kuifanyia mazoezi. Wengi wa wachezaji walikuwa wana wa wakimbizi. Mwezi wa Julai mwaka 2024, mjini London, timu hiyo ilifungwa na Marekani kwa pointi moja tu, 101 kwa 100. Tarehe 28 mwezi huo, katika Olimpiki, kabla ya mchezo wao wa kwanza na Puerto Rico, ulipigwa wimbo wa taifa la Sudan badala ya wa Sudan Kusini, yaani wimbo wa nchi waliyojitenga nayo mwaka 2011 baada ya vita virefu. Hapo palikuwa na haki ya kudai, na sababu ya kutosha ya kuondoka uwanjani. Wachezaji walisimama mahali pao. Watazamaji wakapaza sauti kupinga, wimbo ukakatizwa, wakangoja mpaka wimbo wao ukapatikana. Kisha wakacheza, wakashinda 90 kwa 79. Watayarishaji waliomba radhi.

Yafaa kuliangalia tukio hili kwa maneno mawili yaliyotajwa mwanzoni. Wimbo sahihi ulikuwa haki ya Sudan Kusini, nayo ilirudishwa na wale walioiondoa. Kusimama na kungoja hakukuwa haki ya mtu yeyote juu yao. Kulikuwa ni chao wenyewe. Historia ya mchezo huu imeongeza kanuni juu ya kanuni, nazo zote zina faida, maana bila haki mnyonge hana pa kusimama. Ila hapana kanuni iliyoweza kufanya ziada ile ambayo mchezaji huitoa pasipo kudaiwa. Neno la pwani lililoanza kwa kuwatenga watu huru na watumwa sasa laweza kutumiwa Tarime juu ya mtoto wa mkimbizi alipwaye kwa kucheza mpira, na hapana atakayeuliza nasaba yake.