Uhai wa Lugha

Wanaisimu husema "uhai wa lugha" wanapopima kama lugha itasemwa na kizazi kijacho. Anayekutana na istilahi hii mara ya kwanza hudhani swali ni moja tu: i hai au imekufa? Lakini mtu anaweza kuwa hai asiwe mzima, na kinachopimwa hapa kiko karibu zaidi na uzima. Waraka wa UNESCO wa mwaka 2003 umepanga ngazi 6, kutoka lugha iliyo salama hadi ile isiyobaki na msemaji hata mmoja. Ningependa tuseme "uzima wa lugha", ila "uhai" umekwisha zoeleka. Nautumia, mradi tukumbuke kuwa una viwango.

Tukitazame Kibangime cha Mali. Husemwa na Wabangande, watu elfu chache tu, katika vijiji 7 chini ya majabali ya Bandiagara. Wenyewe hujihesabu kuwa Wadogon, lakini lugha yao si Kidogon, na mpaka leo hakuna lugha iliyothibitika kuwa ndugu yake. Kwa idadi peke yake mtu angeiandikia tanzia. Hata hivyo, kati ya vigezo 9 vya waraka ule, kinachotangulia ni urithishaji: je, watoto wanaipata nyumbani? Watoto wa Wabangande wameendelea kukua nayo, hata kama Kifulani kinawangoja sokoni. Linganisha na Kibom na Kikim vya Sierra Leone, vilivyobaki vinywani mwa wazee huku wajukuu wakisema Kimende. Ndivyo ilivyo sehemu kubwa ya Afrika: lugha ndogo humezwa na jirani yake mkubwa Mwafrika kabla Kifaransa au Kiingereza hakijaifikia. Kiswahili nacho ni mmojawapo wa majirani hao, na sisi tunaokipenda hatuna budi kulisema hilo.

Kuwa hai, basi, hakuiondoi lugha hatarini. Idadi ndogo huuma pale msukosuko unapotokea. Mapigano yaliyoenea Mali ya kati tangu mwaka 2015 yamewahamisha watu wengi, na vijiji 7 vikitawanyika hakuna cha 8 cha kukimbilia ambako mtoto atasikia Kibangime. Sarufi nene ya lugha hii ilichapishwa mwaka 2018, kazi ya Jeffrey Heath na Abbie Hantgan. Ni hazina kubwa, lakini kitabu hakimbembelezi mtoto alale.

Katiba ya Mali ya mwaka 2023 ilizipa hadhi ya lugha rasmi lugha 13 za taifa. Kidogon kimo, Kibangime hakimo. Mtoto wa Kibangande akifundishwa Kidogon shuleni, kwenye karatasi za serikali itaonekana amefundishwa lugha ya kwao.